Mwenyekiti wa Viberiti

Mgeni alipiga hodi akiwa na tai shingoni na vumbi kwenye viatu, akauliza kama hapa ndipo kwa mwenyekiti wa Viberiti. Mwanamke aliyekuwa akipiga pasi karibu na mlango alijibu kwamba ndipo, karibu ndani, kisha akasubiri kuambiwa shida yake. Hakuambiwa kitu. Mgeni alimpita begani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kochi alikokaa mume akihangaika na redio, akainama na kumpa mikono yote miwili.

"Mzee, ni heshima kubwa," alisema. "Tumekutafuta sana."

Mume huyo alikuwa kinyozi. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, asiye na deni la ugomvi na mtu yeyote mtaani, na katika maisha yake hakuwahi kuupiga mpira hata kwa bahati mbaya. Uwanjani kwa Viberiti alifika mara chache, na mara zote alikwenda kumwita mkewe arudi nyumbani kwa sababu mtoto alikuwa analia.

Viberiti ilikuwa klabu ya wanawake. Ilizaliwa nyuma ya kiwanda cha viberiti, zamani kiwanda kilipokuwa bado kinafanya kazi, pale wafungashaji wa kike walipoanza kupiga mpira wa matambara saa ya mapumziko. Mke wa kinyozi alikaa kati ya makasha mawili yaliyokuwa goli, akawa golikipa, na tangu hapo jina la Kipa lilimganda mpaka leo, hata kwenye duka la dobi anakopiga pasi nguo za watu. Palipo na uwanja leo palikuwa jalala. Wanawake wale waliokota vioo, wakang'oa visiki, wakabeba udongo kwa ndoo zao wenyewe, na waliporudi nyumbani walipika na kufua kama kawaida.

Walipokwenda kuiandikisha klabu, ofisa aliwaambia kwamba viongozi lazima wawe wakuu wa familia. Waliangaliana, wakatoka nje, wakacheka hadi wakashika mbavu, kisha wakarudi na majina ya waume na kaka zao. Hilo ndilo kosa lao, nami sioni nani angelikwepa siku ile. Kwa upande wa Kipa likaandikwa jina la kinyozi, na kwa kuwa Kipa ndiye waliyemchagua mwenyekiti, kinyozi akalala raia akaamka mwenyekiti. Nyumbani ikawa utani wa kila siku. "Mheshimiwa mwenyekiti, pipa halina maji." Naye huinuka, hupiga saluti, hubeba ndoo. Hakuna aliyewaza kubadilisha lile jina kwa sababu hakuna aliyewahi kuitaka Viberiti. Wakubwa wa mpira walipowakumbuka, ilikuwa ni kuwaambia wapishe, wanaume wanataka uwanja.

Sasa mtu alikuwa anaitaka. Mgeni alijitambulisha kuwa ni katibu wa Klabu Kubwa, ile yenye basi lake na jengo lake na kelele zake kila Jumamosi. Chama cha mpira kilikuwa kimetoa amri mpya: klabu ya ligi isiyo na timu ya wanawake itashushwa daraja. Klabu Kubwa ilikuwa na timu ya wakubwa, ya vijana, ya watoto na hata ya maveterani wenye vitambi, lakini mwanamke pekee aliyekuwa na kazi mle alikuwa mfagiaji.

"Tungeweza kuanza upya," alisema Katibu, "lakini tuanze upya kwa nini, wakati mzee umeshatuandalia jeshi? Mabinti watalipwa mshahara. Watapata viatu, basi, daktari. Na wewe tunataka kukuenzi mbele ya watu. Hebu tuambie, mzee, wazo hili lilikujaje?"

Kinyozi alimtazama mkewe. Kipa aliinua pasi kidogo, akangoja.

"Sasa, hili wazo," kinyozi akaanza, akajikuna shingo. "Wale akina mama walikuwa na nguvu sana, unajua. Mimi nikaona..."

Akaendelea. Kinyozi ni mtu ambaye riziki yake inapita mdomoni kama inavyopita mikononi. Ukimpa sikio haachi mpaka kichwa kiishe. Alisimulia mpira wa matambara. Akasimulia jalala, vioo na ndoo. Akasimulia siku golikipa alipovunjika kidole akidaka, akakifunga kwa kipande cha kasha na kurudi golini. Alisimulia vizuri, tena bila kutia chumvi, na kila alichosema kilikuwa kweli isipokuwa mwenyewe. Na kidole chenyewe, kilichopona kikiwa kimepinda, kilikuwa pale pale chumbani, kimezunguka mpini wa pasi.

"Mama," Katibu alisema akinusa hewa, "kuna kitu kinaungua. Halafu kama kuna maji ya kunywa, nitashukuru."

Gauni la mteja, alilokuja nalo kutoka kwa dobi, lilikuwa limepata doa la kahawia kifuani. Kipa alisimamisha pasi, akaenda kuchota maji, akaosha glasi, akamletea mgeni kwa kupiga goti nusu kama alivyofundishwa utotoni. Hilo goti ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

*

Mgeni alipoondoka, Kipa alikunja lile gauni taratibu.

"Nikaona," alisema.

"Mke wangu..."

"Hapana, endelea. Ulipoona, uliona ukiwa wapi? Maana mimi nilikuwa golini na sikukuona."

"Nilitaka kumwambia. Natafuta pa kuingilia, sipati. Yule bwana alikuwa ananiangalia kama..."

"Kama nini?"

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Kama mtu," alisema.

Kipa alikuwa na maneno makali tayari, akayameza. Aliwajua wateja wa mumewe, wale wanaokaa kwenye kiti na kumwelekeza kwa kidole bila kukata simu. Lakini hasira haikushuka kwa sababu ya kumhurumia mwizi wake, na wala haikupaswa kushuka. Kama njaa ya kuheshimiwa ilikuwa hivyo kwa mtu anayeitwa mzee mtaa mzima, basi kwa wanawake waliong'oa visiki ilikuwaje? Hilo kinyozi hakulifikiria. Wengi hawalifikirii.

Binti yao aliingia akitanguliza mguu mzima na kuuvuta mwingine. Alikuwa winga wa kushoto wa Viberiti, mwepesi, mwembamba, na mashabiki walimwita Wembe, kwanza kwa ajili ya kazi ya baba yake, halafu kwa ajili ya namna alivyopita katikati ya mabeki. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu mechi ya mvua. Daktari alikwisha sema wazi: bila kupasuliwa asahau mpira, na akichelewa sana asahau na ngazi. Gharama aliyoitaja ilimfanya kinyozi acheke, kicheko cha mtu aliyekosa la kufanya na uso wake.

"Nimekutana naye njiani," alisema Wembe. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Kweli watatulipa? Na daktari ni yule yule wa timu ya wanaume?"

"Amesema kila mchezaji atatibiwa," baba alijibu upesi, akifurahi kupata cha kusema.

"Ila kwanza baba yako aende jukwaani akavishwe kilemba cha ukoka," Kipa alisema, "aambiwe yeye ndiye aliyetuzaa."

Wembe alikaa, akauinua mguu juu ya stuli kwa mikono. "Sasa mama, si aende tu? Kila mtu anajua ni ninyi."

"Kila mtu yupi? Yule aliyeniomba maji?"

"Mama, mimi nataka kucheza."

"Na mimi nataka ucheze. Nani amekataa? Watupe mshahara, watupe daktari, hata hilo jina la Viberiti walifute kama linawanukia kiwanda. Nauliza kitu kimoja tu. Kwani goti lako na jina langu haviwezi kukaa kwenye karatasi moja?"

"Jina halivimbi, mama," alisema Wembe.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu hukata pale panapokatika. Lakini Kipa alikwenda uani, akasimama huko muda mrefu akiangalia kamba ya nguo isiyo na nguo.

*

Siku mbili baadaye aliomba ruhusa kazini, akakubaliwa kwa sharti la kukatwa gharama ya gauni, akampitia mwenzake wa zamani. Huyu waliyemwita Beki sasa alikuwa anauza mkaa, mwili umejaa, pumzi fupi, lakini mdomo haukuwa umepungua hata kidogo. Wakaenda pamoja kwenye jengo la Klabu Kubwa.

Mlinzi getini aliwatazama kuanzia kanga hadi ndala. "Kazi ya usafi nafasi zimejaa," aliwaambia.

"Tumekuja kuonana na Katibu," alisema Kipa.

"Mmetumwa na nani?"

"Na miguu yetu," Beki alijibu.

Waliketishwa kwenye benchi la korido. Wanaume waliingia na kutoka, wengine waliokuja baada yao, na kila mmoja alipofika, mlango wa Katibu ulifunguka kama umepakwa mafuta. Mfagiaji aliwaletea chai bila kuagizwa na mtu. Alipojua wametoka wapi aliwaambia kwa sauti ndogo kwamba mdogo wake aliwahi kuichezea Viberiti, kisha akaondoka haraka na ndoo yake.

Katibu alipowapokea alikuwa mkunjufu kupita kiasi. Aliwaita mama zetu. Alisema klabu haitawasahau hata siku moja, na kwamba wao wote walioanza na mzee watapewa nafasi ya ulezi.

"Mlezi anafanya nini?" Beki aliuliza.

"Analea, mama. Analea timu."

"Analea nini kwenye timu?"

"Mambo mengi. Chakula cha kambini. Nidhamu ya mabinti. Jezi..."

"Jezi zinalelewaje?"

Katibu alikohoa. "Kwa maana ya usafi."

"Kufua," alisema Beki. "Sema kufua, mwanangu. Tunalijua hilo neno."

Kipa alimgusa mwenzake mkono, akasogea mbele ya meza. "Mimi ndiye mwenyekiti wa Viberiti," alisema. "Lile jina ni la mume wangu kwa sababu tulikatazwa kuandika yetu. Wachezaji wote wanajua. Hata yeye mwenyewe anajua."

Katibu alitabasamu kwa upole mwingi. "Nakuelewa kabisa, mama. Hata nyumbani kwangu mwenyekiti ni mke wangu."

Akacheka. Na Kipa, aliyekuja na majibu ya kila kitu, hakuwa na jibu la hilo, kwa sababu ulikuwa ni utani wa nyumbani kwake mwenyewe, ule wa pipa na ndoo, na sasa alikuwa anautazama kutoka upande wa pili wa meza. Miaka yote waliyoucheka, hakuwa amejua kwamba unaweza kumfungia mtu mlango.

"Basi tubadilishe," alisema mwishowe. "Niandike mimi, nisaini mimi."

"Kubadilisha uongozi kunataka mkutano mkuu, na mkutano unaitishwa na mwenyekiti kwa maandishi, kisha chama kiidhinishe. Usajili unafungwa wiki hii. Tukichelewa tutachukua timu nyingine, zipo." Alishusha sauti, akawa kama anamliwaza. "Mabinti wenu ndio watakaoumia, mama. Nasikia wako ana goti."

Alikuwa amelipeleleza hilo goti. Kipa alimwangalia usoni akatafuta aibu hata ya kusingizia, akaambulia patupu. Kijana mzima, mwenye mama yake mahali fulani, alikuwa ameliweka goti la binti wa watu mezani pamoja na kalamu na mihuri.

Wakati wa kutoka walilikuta bango limeegemezwa ukutani, refu kupita dirisha, bado linanuka rangi. Lilikuwa ni ile picha ya timu ya kwanza, ambayo kinyozi aliitoa juzi kwa furaha mgeni alipoiomba. Wasichana walikuwa wamesimama mstari mmoja, pekupeku, wamevaa maovaroli ya kiwandani yaliyokatwa miguu. Katikati yao alikuwa amesimama kinyozi. Alikuwa kinyozi wa sasa, mwenye upara na mvi za kidevuni, kavalishwa suti ambayo hakuwahi kuimiliki, na mkono wake umewekwa juu ya bega la Kipa wa miaka ishirini kama babu aliyekuja kumchukua mjukuu shuleni.

Kipa alitaka kucheka. Kweli alitaka. Lakini Beki alikuwa amesogea karibu na bango, anahesabu vichwa kwa kidole.

"Mimi niko wapi?" alisema.

Katibu, aliyekuwa anawasindikiza, aliangalia saa yake. "Nafasi ilikuwa ndogo, mama. Fundi wa picha ilibidi aondoe mmoja, akachagua wa pembeni."

"Nilisimama pembeni kwa sababu mimi ni beki wa pembeni."

"Ni picha tu, mama."

Beki, aliyeshinda mabishano yote ya sokoni, alitembea hadi getini bila neno, na walipofika barabarani alikaa juu ya ukingo wa mtaro, akajifuta uso kwa pindo la kanga. Alisema kwamba ni jasho. Kipa alikubali kwamba jua ni kali.

*

Siku ya sherehe Kipa alimpigia mumewe shati pasi. Aliipiga kola, akaipiga mikono, akapitisha ncha ya pasi kati ya vifungo bila haraka. Kinyozi alikuwa amekaa na fulana ya ndani, anamtazama. Tangu bango lile litundikwe barabarani wateja walikuwa wanaingia kibandani kwake wakimsalimu kwa adabu mpya, wengine wanalipa bila kuomba wapunguziwe, na kwa siku mbili alikuwa amevimba kichwa. Kisha Beki alipita pale kibandani na gunia lake la mkaa. Shemeji yake huyu, ambaye hajawahi kupita bila kumtania, alipita bila kumsalimu. Uvimbe ukaisha palepale.

"Nisipokwenda?" aliuliza.

"Utalipasua wewe lile goti kwa mashine ya kunyolea?"

"Na nikienda?"

"Ukienda, ukishika kile kipaza sauti, useme ukweli. Useme wote. Usijikune shingo."

"Nitasema. Haki ya nani vile, nitasema."

Kipa alimvalisha shati. Lilikuwa limenyooka kuliko yale ya wateja.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele walikaa wakubwa wa Klabu Kubwa na wa chama cha mpira, na kinyozi katikati yao kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Ubavuni, kwenye benchi refu, walikaa wachezaji wa Viberiti ndani ya suti mpya za michezo, Wembe mwishoni, mguu kaunyoosha. Wanawake wa kwanza, wale waliobaki hai na waliopata nauli, walipewa viti vya nyuma kabisa, karibu na makreti ya soda. Mabinti wawili wenye beji waliwaomba mara mbili wasaidie kufungua chupa. Mara ya pili baadhi yao walisaidia, maana mikono yao haikujua kukaa bure.

Rais wa Klabu Kubwa alizungumza kwanza. Alisema mwanamke ni mama, ni dada, ni binti. Alisema klabu yake imekuwa na ndoto ya soka la wanawake tangu siku nyingi. Kisha akamkaribisha mwasisi.

Kinyozi alisimama. Hakujikuna shingo.

"Mimi ni kinyozi," alisema. "Viberiti sikuianzisha mimi. Ameianzisha mke wangu, yule pale nyuma, na wenzake. Mimi jina langu liliazimwa kwa sababu ofisi ilikataa ya kwao. Sikung'oa kisiki hata kimoja. Ile picha ni ya uongo, mimi sikuwapo. Aliyekuwapo ametolewa, naye yupo humu ndani, anaitwa Beki. Sistahili kukaa kwenye kile kiti."

Nyuma kule, Kipa alijikuta ameshika mkono wa Beki. Mtu wake alikuwa amesema ukweli wote, kama alivyoahidi, na kwa muda ule mfupi alimpenda kuliko siku aliyoolewa naye.

Kisha Rais wa klabu aliinuka akipiga makofi.

"Mnaona?" alisema, sauti imejaa machozi ya jukwaani. "Mnauona unyenyekevu wa waasisi wetu? Ametufanyia yote haya, na bado anasema si mimi, ni mke wangu. Vijana, igeni mfano huu."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wapiga picha walikimbilia mbele. Kinyozi alisema, "Hapana, nasema kweli," na makofi yakaongezeka. Alisema, "Nikitia saini nitakuwa nimeiba," na watu wakacheka kwa upendo, wakatikisa vichwa wakiambiana ni mzee wa namna gani huyu. Kila alipoukataa mzigo walimwongezea. Walikuwa wamesikia kila neno. Kilichowashinda ni kuamini kwamba lilimhusu mwanamke aliyekaa karibu na makreti.

Walimsogezea karatasi ya kuikabidhi Viberiti, na kalamu. Aliishika kalamu, hakuandika. Makofi yalififia. Katibu alimwinamia sikioni, na kutoka nyuma Kipa hakuhitaji kusikia ili ajue ni goti linalotajwa pale. Mumewe alinyanyua uso na kumtafuta kati ya watu wote, kama alivyokuwa akimtafuta uwanjani zamani mtoto anapolia.

Kipa aliinuka. Msichana mwenye beji alimzuia kwa mkono. "Mama, vinywaji bado, tutawaambia."

"Pisha," alisema Kipa.

Alitembea urefu wote wa ukumbi kwa ndala zake. Alipopita benchi la wachezaji aliliangalia lile goti, limejaa ndani ya suruali mpya kama mkate ndani ya mfuko, na roho ilimchoma kwa namna ambayo jina lolote, hata liwe lake, halikuweza kushindana nayo. Hilo walilijua tangu siku ya kwanza wale watu. Walijua mama atachagua nini, ndiyo maana walimpa kuchagua.

Alifika mezani. Hakumwangalia Rais wa klabu, alimwangalia Katibu.

"Goti la binti yangu linapasuliwa lini?"

"Mama, hayo ni ya utawala, tutayazungumza baadaye."

"Beki wa kati ana bega linalochomoka. Yule wa namba sita hasikii sikio moja tangu apigwe kiwiko. Wanatibiwa lini?"

"Baadaye, mama, hapa kuna wageni."

"Baadaye ninaijua," alisema Kipa. "Andika hapo. Andika tarehe."

Kamera zilikuwa zimemgeukia. Rais wa klabu aliziona, akacheka kwa ukarimu. "Andika, Katibu, andika. Mama zetu wana uchungu na watoto."

Katibu aliandika kwa mkono, chini ya yale yaliyochapwa. Kipa aliigeuza karatasi, akasoma neno kwa neno huku ukumbi mzima ukimngoja, akamrudishia aongeze jina la hospitali. Aliporidhika aliisogeza mbele ya mumewe.

"Saini," alisema.

"Mke wangu, una hakika?"

"Nimesema saini."

Kinyozi akasaini. Kalamu ilikwaruza, na klabu iliyotolewa jalalani kwa ndoo ikawa mali ya watu ambao hawakuwahi kuinama kuokota hata kioo kimoja. Makofi yalipigwa tena. Rais wa klabu aliushika mkono wa Kipa kwa mikono yake miwili laini, kipaza sauti kikiwa bado wazi mbele yao.

"Ahsante sana, mama," alisema, "kwa kumruhusu mzee."

"Sikumruhusu," alisema Kipa. "Nilimtuma."

Ukumbi wote ulisikia, na ukumbi wote ukacheka. Rais wa klabu alicheka kuliko wote, akamgeukia kinyozi ili wacheke pamoja kama wanaume wenye wake. Kinyozi hakucheka. Alikuwa ameiweka kalamu chini na kukitoka kile kiti chenye kitambaa cheupe, akasimama nyuma ya mkewe.

Kwenye benchi la wachezaji pia hapakuwa na kicheko. Wembe alijishika kwenye bega la mwenzake, akainuka kwa mguu mmoja, akasimama wima akimtazama mama yake. Aliyefuata akainuka, na mwingine, mpaka benchi likabaki tupu. Hawakupiga makofi. Walisimama tu, wamewakazia macho watu wa mbele, mpaka kicheko kikaanza kukatika safu kwa safu na wapiga picha wakashusha kamera zao.

Rais wa klabu aliwapungia mkono kwa tabasamu. "Ahsanteni, mabinti," alisema. "Mnaweza kukaa."

Hawakukaa.